Giaboksi: oili ya lita chache, hasara ya kontena zima

KAMPALA — Lori likiharibika giaboksi kati ya Malaba na Kampala, hasara ya kwanza si pesa ya fundi. Hasara ya kwanza ni mzigo uliosimama: kontena lenye siku zake za kurudishwa Mombasa, mteja anayesubiri Kigali, Juba au Goma, dereva na utingo wanaolala kando ya barabara, na lakiri ya forodha ambayo haifunguliwi bila idhini.

Hata hivyo, giaboksi hufa ghafla mara chache sana. Kwa kawaida huanza kulalamika wiki au miezi kabla. Husikika ikilia, hukataa gia moja asubuhi, huacha tone la oili chini ya gari, au hutoa harufu ya kuungua kwenye mlima. Wasafirishaji wengi wanaopata hasara kubwa ni wale ambao dalili hizo zilionekana, lakini hakuna aliyezichukulia hatua.

Makala haya yanaeleza jinsi giaboksi inavyofanya kazi, kinachoiharibu katika barabara za Kampala na mipakani, namna ya kuitunza, na jinsi ya kuamua kati ya kuitengeneza na kununua nyingine iliyotumika.

Kazi ya giaboksi

Injini ya dizeli au petroli hutoa nguvu nzuri ikiwa inazunguka kwa kasi fulani tu. Ikizunguka polepole mno inazima, na ikizunguka kwa kasi mno inajiumiza. Giaboksi ndiyo inayogeuza mzunguko huo uwe nguvu ya kupanda mlima au mwendo wa tambarare.

Katika gari la gia za mkono, klachi hukaa kati ya injini na giaboksi. Dereva akikanyaga pedeli, klachi hutenganisha viwili hivyo ili gia ibadilishwe bila meno kugongana. Ndani ya giaboksi mna shafti, gia zenye meno, beringi, na pete za shaba zinazosawazisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. Pete hizo mafundi huziita sinkronaiza.

Katika gari la otomatiki hakuna pedeli ya klachi. Nguvu ya injini hupita katika chombo cha mviringo kilichojaa oili kiitwacho tokikonvata, na gia hubadilishwa kwa shinikizo la oili. Kwa hiyo katika otomatiki oili haifanyi kazi ya kulainisha tu. Oili ndiyo mkono unaobadilisha gia.

Jambo la kukumbuka ni moja: aina zote mbili hutegemea oili sahihi, kwa kiwango sahihi, isiyo chafu na isiyopata joto kupita kiasi.

Kwa nini Kampala inakula giaboksi

Kampala imejengwa juu ya vilima. Gari linalotoka katikati ya mji kwenda Namirembe, Rubaga, Kololo au Kibuli hupanda na kushuka mara nyingi kwa siku. Ukiongeza foleni za Jinja Road, Kibuye, Ndeeba na Bwaise, klachi hupumzika kwa nadra sana.

Kosa la kawaida ni kulizuia gari mlimani kwa kutumia klachi badala ya breki. Dereva huachia pedeli nusu na kuongeza mafuta kidogo ili gari lisirudi nyuma. Wakati huo pleti ya klachi inasuguana na flaiwili bila kushikana nayo. Joto hupanda haraka na lainingi ya pleti huliwa. Gari linalotumiwa hivyo linaweza kumaliza klachi mpya katika sehemu ndogo ya muda ambao ingedumu kwenye barabara kuu.

Kosa la pili ni kuacha mguu juu ya pedeli wakati wote. Uzito mdogo tu wa mguu unatosha kuifanya rilizi beringi izunguke bila kupumzika na kupunguza mkazo wa presha pleti.

Mvua nazo zina sehemu yake. Maeneo ya chini kama Bwaise na Kalerwe hujaa maji mara kwa mara katika misimu ya mvua. Giaboksi ina kipumulio, yaani tundu dogo linaloruhusu hewa kutoka oili inapopata joto. Giaboksi yenye joto ikizamishwa ghafla katika maji baridi, hewa iliyomo ndani hunywea na kuvuta maji kupitia kipumulio au sili zilizochoka. Gari lililopita kwenye maji ya kufikia giaboksi linafaa kukaguliwa oili siku hiyohiyo au kesho yake. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa au chai ya maziwa imeingia maji, na haifai kuendelea kutumika.

Kwa wasafirishaji wa masafa marefu, mzigo na milima ndiyo matatizo makubwa. Lori linalotoka bandari ya Mombasa huanzia usawa wa bahari, hupanda hadi zaidi ya mita 2,500 katika eneo la Timboroa nchini Kenya, kisha hushuka tena kuelekea Malaba au Busia. Safari hiyo hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100. Anayeendelea hadi Katuna hukutana tena na milima ya Kigezi.

Katika jumuiya ya Afrika Mashariki, sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa uzito wote wa lori na mzigo wake, na lori lazima liwe na ekseli za kutosha. Mizani huangalia barabara. Lakini gia nazo hupima mzigo kwa namna yake, kwani kila tani inayozidi huongeza mkazo kwenye meno na beringi kila lori linapoondoka kutoka kusimama.

Kushuka mlima kwa nyutro

Baadhi ya madereva huweka nyutro kwenye mteremko wakiamini wanaokoa dizeli. Tabia hii inafahamika sana katika mteremko wa Salgaa na Sachangwan, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, ambako imehusishwa na ajali nyingi za malori.

Hatari ya kwanza ni ya uhai. Lori likiwa nyutro, injini haisaidii tena kulizuia, breki hubeba kazi yote, hupata moto na kushindwa. Dereva akijaribu kurudisha gia katikati ya mteremko, mara nyingi gia hukataa kwa kuwa mwendo wa magurudumu umeshazidi mno mwendo wa injini.

Hatari ya pili ni ya giaboksi yenyewe. Kulazimisha gia katika hali hiyo huvunja sinkronaiza na meno. Isitoshe, injini nyingi za kisasa hukata mafuta zenyewe pale gari linaposhuka likiwa ndani ya gia na mguu haupo kwenye mafuta. Kwa hiyo akiba inayotafutwa haipo.

Utaratibu mzuri ni kuchagua gia ndogo kabla ya mteremko kuanza na kutumia breki ya injini.

Oili: aina kwanza, bei baadaye

Makosa mengi ya oili hutokana na kudhani kwamba oili yoyote ya gia ni sawa. Si hivyo.

Kwa gia za mkono, kopo huandikwa unene, kwa mfano 75W-90 au 80W-90, na daraja, kwa mfano GL-4 au GL-5. GL-5 ina dawa nyingi zaidi za kustahimili mkazo mkubwa na hutumika sana kwenye difu. Baadhi ya dawa hizo zinaweza kula shaba ya sinkronaiza. Kama kitabu cha gari kinataka GL-4 kwenye giaboksi, kuweka GL-5 kwa kuwa ndiyo namba kubwa ni kosa. Vilevile, baadhi ya magari hutumia oili nyepesi kabisa kwenye gia za mkono. Kitabu cha gari ndicho hakimu.

Kwa otomatiki, tofauti ni kubwa zaidi. Toyota nyingi zinazotembea Kampala hutumia aina ya T-IV au WS kutegemea mwaka na modeli. Nissan, Honda na Mitsubishi nazo zina oili zake. Giaboksi za CVT, ambazo hutumia mkanda wa chuma na puli badala ya gia za kawaida, zina oili ya peke yake. Ukiweka oili ya kawaida ya otomatiki kwenye CVT, mkanda unaweza kuteleza na kukwaruza puli, na uharibifu huo hauondoki kwa kubadilisha oili tena.

Magari mengi madogo na ya kati yanayouzwa Kampala yametumika Japani kwanza. Yakifika, historia ya oili mara nyingi haijulikani. Tangu mwaka 2018 Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 tangu kutengenezwa kwa magari mengi yanayoingizwa, lakini hata gari la miaka minane linaweza kuwa halijabadilishwa oili ya giaboksi hata mara moja. Mnunuzi anashauriwa kukagua oili hiyo kabla ya kulipeleka gari kazini.

Kuhusu muda, kila mtengenezaji ana ratiba yake. Kwa kazi ngumu ya mizigo, foleni, vumbi na milima, mafundi wengi hukubaliana na kilomita 40,000 hadi 60,000 kwa gari dogo. Malori makubwa hufuata ratiba ya mtengenezaji kwa kazi nzito, ambayo ni fupi kuliko ile ya kazi ya kawaida.

Oili ipimwe hivi:

1. Gia za mkono: gari lisimame mahali tambarare, injini izimwe. Fungua nati ya kujazia iliyo ubavuni mwa giaboksi. Oili inapaswa kufika ukingo wa tundu hilo. Usifungue nati ya chini ya kumwagia kabla ya kuhakikisha ile ya kujazia inafunguka. Fundi aliyemwaga oili kisha akakuta nati ya kujazia imekwama amejifungia gari gerejini.

2. Otomatiki yenye kijiti cha kupimia: gari liwe limetembea hadi kupata joto, lisimame tambarare, injini iwe inaunguruma. Pitisha gia zote taratibu ukiwa umekanyaga breki, rudisha P, kisha pima. Honda nyingi hupimwa injini ikiwa imezimwa muda mfupi tu uliopita.

3. Otomatiki na CVT zisizo na kijiti: hupimwa kutoka chini kwa utaratibu wa joto maalumu. Kazi hii iachiwe fundi mwenye kifaa cha kusoma joto la oili.

Oili ya otomatiki ikiwa mpya mara nyingi ni nyekundu na angavu. Ikigeuka kahawia inazeeka. Ikiwa nyeusi na ina harufu ya kuungua, pleti za ndani zimeshaanza kuungua. Ikiwa ya waridi kama maziwa, huenda maji ya rejeta yameingia, kwa sababu magari mengi ya otomatiki hupozea oili ndani ya rejeta. Gari la namna hiyo lisiendeshwe hata kilomita moja zaidi, kwani maji hubandua lainingi za ndani.

Joto ndilo adui mkubwa wa oili. Wataalamu hutumia kanuni kwamba kila oili ya otomatiki inapozidi joto lake la kawaida kwa nyuzi 10 hivi, umri wake hupungua karibu nusu. Rejeta iliyoziba kwa matope ni ugonjwa wa giaboksi pia, si wa injini peke yake.

Kusoma dalili

Fundi mzuri husikiliza kabla ya kushika spana. Dereva naye anaweza kusaidia kwa kueleza dalili inatokea wakati gani. Zifuatazo ndizo za kawaida kwa gia za mkono.

- Injini inapiga kelele na kuongeza mzunguko lakini gari haliongezi mwendo, hasa mlimani: klachi inateleza.

- Gia zote ni ngumu kuingia na rivasi inasaga: klachi haiachii vizuri. Kagua oili ya klachi, masta silinda ya juu, silinda ya chini na urefu wa pedeli kabla ya kushusha giaboksi. Wengi hulipia giaboksi kumbe tatizo ni sili ndogo ya silinda.

- Gia moja tu inasaga, nyingine ni sawa: sinkronaiza ya gia hiyo imechoka.

- Mlio unaosikika ukikanyaga pedeli: rilizi beringi.

- Mlio unaosikika gari likiwa nyutro na pedeli imeachiwa, kisha unapotea ukikanyaga: beringi ya shafti ya mbele ndani ya giaboksi.

- Gia inaruka na kurudi nyutro yenyewe: meno ya kushikia yameliwa, springi za kufungia zimechoka, au viti vya injini na giaboksi vimekatika. Anza na viti, kwa sababu ndivyo rahisi.

- Oili inadondoka pale injini inapoungana na giaboksi: ni sili ya nyuma ya injini au sili ya mbele ya giaboksi. Harufu na rangi ya oili huonyesha ni ipi.

Kwa malori yenye gia za juu na chini zinazobadilishwa kwa upepo, gia za juu zikigoma, kwanza angalia presha ya upepo, mipira inayovuja, na maji ndani ya matangi. Matangi yasipomwagwa maji, unyevu hufika kwenye vali za giaboksi na kuzikamata. Hiyo ni kazi ya dakika chache isiyohitaji fundi.

Kwa otomatiki, dalili za mwanzo ni kuchelewa gari likiwekwa D au R, kugonga wakati wa kubadili gia, na kuteleza kati ya gia mbili. Mara nyingine chanzo ni oili pungufu, solenoidi au waya. Kwa hiyo gari lipimwe kwa kompyuta kabla ya kuamua kufungua. Malori mapya ambayo gia zake hubadilishwa na kompyuta nayo huhitaji kifaa cha kusomea. Fundi asiye nacho anakisia.

Ukimwaga oili, angalia sumaku ya nati au ya sampu. Uji mwembamba wa kijivu ni wa kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa vidole, au vinavyong'aa kama shaba, ni taarifa kwamba kitu kinavunjika ndani.

Klachi ibadilishwe kwa ukamilifu

Kazi kubwa katika kubadilisha klachi ni kuishusha na kuipandisha giaboksi. Ndiyo maana kubadilisha pleti peke yake na kuacha presha pleti na rilizi beringi za zamani ni akiba ya uongo. Giaboksi ikiwa chini, flaiwili ikaguliwe na kusawazishwa kwenye mashine kama imeungua au ina nyufa ndogo, na sili ya nyuma ya injini itazamwe. Pleti mpya ikilowa oili hata kidogo, itateleza.

Pleti zilizopigiliwa lainingi upya zinapatikana kwa bei nafuu. Kwa gari la shughuli ndogo zinaweza kufaa. Kwa lori linalopanda milima na kontena, pleti ambayo ribiti zake hazikukazwa sawasawa inaweza kupasuka na kukata mzigo njiani.

Usalama nao usisahauliwe. Giaboksi ya lori ina uzito wa mamia ya kilo. Ishushwe kwa jeki yake au winchi, na gari likae juu ya stendi imara, si juu ya mawe na magogo.

Kuvuta gari lililoharibika

Giaboksi nyingi zilizokuwa na ugonjwa mdogo humalizwa na namna gari lilivyovutwa.

Otomatiki hupata oili kutoka kwenye pampu inayozungushwa na injini. Injini ikizimwa na magurudumu ya kuendesha yakiwa yanazunguka barabarani, ndani panakauka. Gari la namna hiyo lipandishwe juu ya gari la brekdauni, au magurudumu yake ya kuendesha yainuliwe.

Malori ya gia za mkono yana tatizo linalofanana. Yakivutwa injini ikiwa imezimwa, shafti ya nyuma huzunguka lakini gia za chini zinazorusha oili, au pampu ya oili, hazizunguki. Kabla ya kuvuta lori kwa umbali wowote wa maana, propela shafti ifunguliwe au shafti za ekseli zichomolewe. Kazi hiyo huchukua chini ya saa moja kwa fundi mwenye spana sahihi, na huokoa giaboksi nzima.

Kutengeneza au kununua iliyotumika

Kampala ina soko kubwa la spea. Soko la Kisekka, karibu na barabara ya Nakivubo, lililopewa jina la Dkt. Samson Kisekka aliyekuwa waziri mkuu wa Uganda kuanzia 1986 hadi 1991, linafahamika hadi nje ya nchi kwa spea za magari. Ndeeba, kwenye barabara ya Masaka, na Katwe ni maeneo mengine yenye spea, wachomeleaji na mafundi. Fundi hapa huitwa makanika, na lugha kuu ya gereji ni Kiganda, ingawa madereva wa Kenya na Tanzania huelewana na wengi kwa Kiswahili.

Swali la kwanza ni kutengeneza au kubadilisha. Kama kilichoharibika ni beringi, sili au sinkronaiza, na nyumba ya giaboksi ni nzima, kutengeneza mara nyingi ni bora, mradi spea zipatikane. Kama shafti na gia kadhaa zimeliwa, au nyumba imepasuka, giaboksi iliyotumika huwa nafuu. Kwa otomatiki na CVT, mafundi wanaoweza kuifungua na kuirudisha vizuri ni wachache, na wengi huchagua kubadilisha nzima.

Mnunuzi wa giaboksi iliyotumika azingatie haya:

1. Alinganishe namba ya modeli iliyo kwenye kibati, si umbo la nje peke yake. Giaboksi mbili zinazofanana zinaweza kuwa na uwiano tofauti wa gia.

2. Azungushe shafti ya mbele kwa mkono katika kila gia. Isikwame, isikwaruze, wala isicheze juu na chini.

3. Amwage oili iliyobaki na kuitazama. Giaboksi iliyokauka kabisa na kuoshwa ikang'aa inaficha historia yake.

4. Akague masikio ya kufungia bolti. Kuchomelewa upya ni dalili ya ajali au kuangushwa.

5. Kwa otomatiki, ahakikishe inakuja na tokikonvata yake, na kipozeo cha oili cha gari kioshwe kabla ya kuifunga. Vumbi la giaboksi ya zamani lililobaki kwenye kipozeo huiua mpya.

6. Apate risiti yenye namba ya giaboksi na siku za majaribio zilizokubaliwa. Kwa muuzaji aliyesajiliwa VAT, risiti hiyo hutoka kwenye mfumo wa EFRIS wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, ulioanza kutumika mwaka 2021.

Spea za zamani zikitolewa, mwenye gari aombe kuziona. Zinaonyesha kama kazi iliyolipiwa ilifanyika, na mara nyingi zinaeleza chanzo cha uharibifu.

Kwa wafanyabiashara wanaoagiza spea, giaboksi na sehemu zake huorodheshwa katika namba ya ushuru 8708.40, na klachi na sehemu zake katika 8708.93. Kontena lenye spea mchanganyiko lililoandikwa kwa jina moja la jumla ni mwaliko wa ukaguzi na kuchelewa.

Lori la transiti likikwama

Mzigo ulio chini ya forodha una masharti yake. Uganda ilianza kutumia lakiri za kielektroniki za kufuatilia mizigo mwaka 2014, na mfumo wa pamoja wa Uganda, Kenya na Rwanda ukafuata mwaka 2017. Lori likisimama mahali pasipotarajiwa, wanaofuatilia wanaliona.

Dereva anapaswa kulitoa lori barabarani kadiri inavyowezekana na kuweka vibao vya pembetatu vinavyong'aa. Matawi ya miti peke yake hayaonekani usiku. Kisha amjulishe mwenye lori na wakala wa forodha ili taarifa ifike URA, au mamlaka ya nchi alipo, mapema.

Kuhamishia mzigo kwenye lori lingine bila idhini ya forodha ni kosa chini ya sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Hata kubadilisha kichwa na kuliacha tela lilelile kunahitaji ruhusa, kwa sababu namba ya gari imeandikwa kwenye hati. Msafirishaji mwenye kichwa cha akiba Kampala bado anaweza kupoteza siku akingoja karatasi.

Daftari la gari

Hatua rahisi kuliko zote ni daftari. Kila lori liwe na kitabu kinachoandikwa tarehe, kilomita, aina ya oili iliyowekwa, spea zilizobadilishwa na, muhimu zaidi, malalamiko ya dereva. Kila wiki atazamwe chini ya gari kama kuna tone, amwage maji ya matangi ya upepo, apime oili ya klachi na kusafisha kipumulio. Kabla ya safari ya mpakani, kiwango cha oili ya giaboksi na difu kipimwe na bolti za propela shafti zikaguliwe.

Lakini daftari halina faida kama dereva anaogopa kuandika. Mahali ambapo kila spea hukatwa kwenye mshahara, dereva hukaa kimya akitumaini mlio utakuwa wa zamu ya mwenzake. Mahali ambapo mwenye lori hukasirika kila akiambiwa gari lilale gerejini siku moja, lori huondoka likilia na kulala njiani siku sita. Giaboksi ya lori huchukua oili ya lita 10 na zaidi, na ya basi dogo la abiria lita mbili au tatu hivi. Msafirishaji anayemruhusu dereva kusema mapema hulipia lita hizo. Asiyemruhusu hulipia giaboksi, brekdauni, siku za kontena na, wakati mwingine, mteja asiyerudi tena.